Sherehe ya Toleo Jipya la Debian Mtaani Kwenu: Mwongozo Kamili wa Kuiandaa Bila Intaneti Kukuumbua

Kisa ni kilekile kila mara. Toleo jipya la Debian, mfumo huria wa kompyuta wa familia ya Linux, linatoka, mtu mmoja anasema, "Tukutane Jumamosi, tule, tusakinishe." Jumamosi inafika. Wageni ishirini wanajiunga na rauta moja, kila mmoja anaanza kupakua gigabaiti tatu, na kufikia saa kumi jioni bando limekata. Hakuna mashine hata moja iliyowaka, na watu wanaulizana kama pilau bado.

Nimekaa kwenye sherehe za namna hiyo, na moja niliiandaa mimi mwenyewe. Kosa halikuwa uchache wa mafundi. Tulifanya siku ya sherehe kazi iliyopaswa kufanyika wiki nzima kabla yake. Kanuni ninayoshika sasa ni hii: siku yenyewe ni ya kuchomeka flashi na kula. Kila kinachohitaji intaneti kiwe kimeshapakuliwa na kujaribiwa.

Mfano wangu ni Debian 13, iitwayo Trixie. Ukiwa unasherehekea Ubuntu au Fedora, hatua ni zilezile, ila majina ya mafaili yatabadilika, na kwa Fedora hata amri za kusakinisha programu.

## Vitu vya kuwa navyo (wageni 20 hadi 25)

- Flashi 6 za GB 8 au zaidi. Usinunue zile za bei ya kutupa. Huandika polepole na hufa katikati ya kazi.
- Laptopu moja yenye Debian na nafasi ya GB 50, itakayokuwa ghala la vifurushi (mafaili ya programu, si bando).
- Diski ya nje kwa ajili ya bekapu za dharura.
- Rauta, swichi ya matundu 8, na nyaya za mtandao 6.
- Ekstensheni 5 zenye fyuzi zake halali.
- UPS (betri ya akiba ya umeme), au jenereta yenye mafuta.
- Kebo mbili za simu, za USB, zinazopitisha data. Nyingi za mitaani huchaji tu.
- Kidude kimoja cha Wi-Fi cha kuchomeka USB.
- Kibodi na mausi za USB, kwa laptopu ambazo herufi zimegoma.
- Utepe wa karatasi na maka peni.
- Watu wanne: wa mlangoni, wa bekapu, na wawili wa kusakinisha. Wa chakula ni wa tano, na asiguswe na kazi nyingine.

Projekta ni anasa. Ikikosekana usikope.

## Hatua ya 1: Chagua siku, na isiwe siku ya toleo

Debian 10 ilitoka tarehe 6 Julai 2019, Debian 11 tarehe 14 Agosti 2021, Debian 12 tarehe 10 Juni 2023, na Debian 13 tarehe 9 Agosti 2025. Zote zilikuwa Jumamosi. Ndiyo maana watu hushawishika kuita wageni siku hiyohiyo.

Usishawishike. Kazi ya kutoa toleo huchukua siku nzima, na mafaili ya kusakinishia huja mwishoni, baada ya kutengenezwa na kujaribiwa. Kwa sisi tuliotangulia UTC, saa ya kimataifa ya rejea, kwa saa tatu, mwisho huo ni usiku. Wageni wako wa saa nane mchana watakuwa wameshalala.

Weka sherehe wiki moja au mbili baadaye. Hata ukingoja marekebisho ya kwanza si aibu: Debian 13.1 ilitoka tarehe 6 Septemba 2025, hata mwezi haujaisha, ikiwa imeziba matobo ya mwanzo. Kwa mgeni anayeona Linux kwa mara ya kwanza, hiyo ndiyo siku nzuri zaidi.

Angalia pia mfuko. Katikati ya mwezi watu hawana nauli. Na kama mji wenu una Waislamu wengi, mchana wa Ramadhani si wakati wa kualika watu kwenye pilau.

*Utajua umefaulu:* una tarehe moja, na mafaili ya toleo tayari yako kwenye diski yako.

## Hatua ya 2: Kagua ukumbi kwa kuhesabu soketi

Darasa la shule, chumba cha maktaba, ukumbi wa msikiti au kanisa, vyote vinafaa. Viti si hoja. Hoja ni umeme.

Soketi yetu ya kawaida ni ya ampia 13 kwa volti 230, yaani takriban wati 3,000. Laptopu nyingi hula wati 65 au chini ya hapo, kwa hiyo ishirini ni wati 1,300. Ekstensheni moja nzuri ingeweza kuzibeba kwa hesabu, ila zigawe kwenye soketi mbili za ukutani.

Onyo: birika la umeme peke yake hula wati 2,000 na zaidi. Mtu wa chai akilichomeka kwenye ekstensheni ya laptopu, fyuzi inakwenda, na laptopu zenye betri mbovu zinazimika katikati ya kuandika diski. Chai ichemkie jikoni, au ije kwenye chupa.

Muulize mwenye ukumbi: umeme ukikatika, nani ana ufunguo wa jenereta? Si "mna jenereta?" Jibu la swali hilo huwa ndiyo siku zote.

*Utajua umefaulu:* umechora kwenye karatasi meza zilipo, soketi zilipo, na waya zitapita wapi bila kumtega mtu.

## Hatua ya 3: Zijue mashine kabla ya kuwajua wageni

Hapa ndipo sherehe nyingi hufia, na ndiyo hatua inayorukwa zaidi. Mwaliko bila maswali ni kujitakia mshangao. Kila anayesema atakuja na laptopu, mwulize mambo matano:

Ni ya biti ngapi? Debian 13 haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Mtu mwenye kompyuta ndogo ya miaka hiyo atatoka mkoani, apange foleni, kisha aambiwe haiwezekani. Mwambie mapema. Kama mashine ina Linux tayari, amri `lscpu` itaonyesha kama inakubali 64-bit.

Ina RAM kiasi gani? GB 4 inatosha kwa Xfce, deski nyepesi ya Linux, bila manung'uniko. Ikiwa ni GB 2, Debian itawaka lakini kivinjari kitamtesa. Mwambie ukweli.

Ina Windows, na anataka kubaki nayo? Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Wengi wa wageni wako watakuwa ni hawa. Wanaotaka mifumo yote miwili wawe na angalau GB 40 tupu.

BitLocker, kufuli la diski la Windows, imewashwa? Laptopu nyingi za karibuni zina diski iliyofungwa kwa siri bila mwenyewe kujua. Ukigusa mipangilio ya kuwasha mashine, Windows inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Asiyekuwa nao amepoteza kila kitu, picha za harusi na taarifa za marehemu baba yake. Ufunguo upatikane kwenye akaunti yake ya Microsoft na *uandikwe kwenye karatasi* kabla ya siku ya sherehe.

Ni yake? Laptopu ya ofisi usiiguse, hata bosi wake awe ameridhia kwa mdomo.

*Utajua umefaulu:* una orodha ya mashine, na kando ya kila moja umeandika neno moja: "tayari", "bekapu kwanza", au "hapana".

## Hatua ya 4: Andaa flashi

Watu hupakua faili dogo liitwalo netinst kwa sababu halifiki GB moja. Ni mtego. Faili hilo huvuta vifurushi vyote vingine kutoka intaneti wakati wa kusakinisha, kwa kila mashine upya. Pakua toleo la *live* lenye Xfce. Ni kubwa zaidi, lakini linasakinisha mfumo mzima bila mtandao, na mgeni anaweza kuujaribu bila kugusa diski yake.

Baada ya kupakua, hakikisha faili halikuharibika njiani. Pakua pia faili la SHA256SUMS lililo kando yake, kisha:

`sha256sum -c --ignore-missing SHA256SUMS`

Ukiona OK, endelea. Usipoona, pakua upya. Usijifariji kwamba "labda litawaka".

Chomeka flashi, tazama jina lake kwa `lsblk`, kisha iandike. Kama flashi yako ni sdb:

`sudo cp debian-live-13.1.0-amd64-xfce.iso /dev/sdb && sync`

Weka jina la faili ulilonalo, na usitie namba ya kizigeu (kipande cha diski): ni sdb, si sdb1.

Onyo: ukikosea herufi moja hapo utafuta diski yako mwenyewe, na haitakuuliza mara mbili. Linganisha ukubwa: flashi ya GB 8 haiwezi kuonekana kama GB 500.

Bandika utepe kwenye kila flashi, andika namba 1 hadi 6. Flashi zisizo na namba huondoka na wageni. Sisemi ni wezi. Mfuko wa shati una njia zake.

*Utajua umefaulu:* kila flashi imewasha laptopu mbili tofauti hadi kwenye deski.

## Hatua ya 5: Tengeneza ghala la vifurushi

Hata baada ya kusakinisha bila mtandao, wageni watataka masasisho na programu za ziada: VLC, GIMP, fonti. Kila mmoja akivuta mwenyewe, bando litakwisha. Ghala huvuta kifurushi mara moja na kuwagawia wengine kupitia rauta yenu.

Kwenye laptopu yako:

`sudo apt install apt-cacher-ng`

Husikiliza kwenye mlango 3142. Ipe laptopu hiyo anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10, na uiunganishe kwa waya. Kisha kwenye mashine ya mgeni:

`echo 'Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";' | sudo tee /etc/apt/apt.conf.d/01sherehe`

Anwani za vifurushi kwenye mashine ya mgeni zianze na http, si https, la sivyo ghala litagoma.

Usiku wa kuamkia sherehe, tumia mashine moja kuvuta masasisho yote na programu unazojua zitaombwa. Kesho yake mashine nyingine zote zitachukua ghalani.

Onyo kubwa: faili hilo la 01sherehe lifutwe kabla mgeni hajaondoka. Likibaki, akifika kwake kila `apt update` itagonga mwamba ikitafuta laptopu yako, naye atasema Linux mbovu. Nilimfanyia hivyo binamu yangu. Alirudi Windows kwa miezi minne.

*Utajua umefaulu:* mashine ya pili inasakinisha VLC ilhali intaneti ya rauta umeikata.

## Hatua ya 6: Fanya mazoezi

Alhamisi au Ijumaa, mafundi wawili wasakinishe laptopu moja kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa saa ya mkononi. Mkitumia dakika arobaini, basi meza ya nafasi nne itahudumia wageni sita hadi wanane kwa alasiri moja, ukihesabu na bekapu. Si ishirini. Wengine waje kujaribu mfumo wa live, kula na kuuliza maswali. Waambie hivyo kwenye mwaliko.

## Hatua ya 7: Mwaliko, chakula na michango

Watu wetu wanajua kuendesha kamati ya harusi ya watu mia tano; hii haitawashinda. Mhazini mmoja, orodha moja ya michango, na kila shilingi itangazwe kwenye kundi la WhatsApp.

Kwa watu 25: mchele kilo 3 za pilau, sambusa 60, kreti 2 za soda, na maji. Sambusa zitoke mwanzo, pilau lije baada ya kazi. Ukiligeuza hilo, mikono yenye mafuta itashika kibodi na nusu ya watu wataaga wakishashiba.

Keki yenye nembo ya Debian, ule mzunguko mwekundu, inapendeza, nayo nembo hiyo ni ya matumizi huria. Stika pia unaweza kuchapisha bila kumwomba mtu.

Kwenye mwaliko andika saa ya kuanza kazi, si ya kuwasili. Ukitaka waanze saa nane mchana, wewe na mafundi muwepo saa sita. Andika pia: *njoo na chaja, na bekapu ya mafaili yako.* Kisha jua kwamba nusu hawataleta bekapu.

Tovuti ya wiki ya Debian, inayoandikwa na jamii yake, huwa na ukurasa wa kuorodhesha sherehe za kila toleo, mji kwa mji. Ongeza wa kwenu. Kuna mtu mji uleule hamjawahi kukutana.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Mlangoni. Kila laptopu ibandikwe utepe wenye jina la mwenyewe na neno kutoka kwenye orodha ya Hatua ya 3. Asiyetaka kupigwa picha apewe utepe wa kubandika kifuani.

Meza ya bekapu. Hakuna laptopu inayokwenda kusakinishwa bila kupita hapa. Mwulize mwenyewe: "Nikiifuta yote sasa hivi, utalia?" Akisita, nakili mafaili kwanza. Ikiwa atabaki na Windows, zimeni ile "Fast Startup" (kuwaka haraka kwa Windows), muizime mashine kabisa, na mpunguze kizigeu cha Windows kwa kutumia Windows yenyewe.

Kuwasha flashi. HP nyingi ni F9, Dell na Lenovo nyingi F12. Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha mashine, iacheni kama ilivyo, Debian inaikubali. Mkifika kwenye deski, jaribuni Wi-Fi, sauti, kamera na mwanga wa kioo *kabla* ya kusakinisha. Dakika tano hizi zitakuokolea wiki mbili za simu.

Wi-Fi ikikataa, mara nyingi ni chipu ya Broadcom ya zamani. Chomeka simu kwa kebo, washa ushirikishaji wa intaneti kwa USB, na mtandao utapatikana wa kuweka kiendeshi chake.

Kisakinishi kisipoiona diski kabisa, huenda mashine imewekwa kwenye RAID ya Intel, mpangilio wa diski ndani ya mipangilio ya kuwasha mashine. Kuibadilisha kunaweza kuifanya Windows isiwake. Leo si siku yake, mwandikie miadi.

Kusakinisha. Mgeni mwenyewe ashike mausi. Fundi akae pembeni na mikono mfukoni, isipokuwa kwenye ukurasa wa vizigeu: hapo wote wawili wasome kwa sauti kilichoandikwa kabla ya kubofya. Chagua saa za Dar es Salaam, Nairobi au mnakoishi.

Onyo: laptopu ambayo betri yake imekufa ichomekwe kwenye UPS, si ukutani.

Baada ya kuwaka. Weka fonti za Carlito na Caladea, zinazochukua nafasi ya Calibri na Cambria, ili barua zake zisivurugike ndani ya LibreOffice. Kama Windows imebaki na saa yake inaonekana nyuma kwa saa tatu, si mzimu, ni UTC. Amri hii huitibu:

`sudo timedatectl set-local-rtc 1`

Kisha mfurahishe kidogo: endesha `sudo dpkg-reconfigure locales`, washa sw_TZ au sw_KE, halafu `LC_TIME=sw_TZ.UTF-8 date +%A` (au sw_KE, kama hiyo ndiyo mliyowasha). Kompyuta itasema Jumamosi kwa Kiswahili. Nimeona mzee mmoja akaiendesha mara tano.

Hotuba isizidi dakika kumi na tano, na iwe ya kuonyesha kitu kikifanya kazi. Kisha futeni 01sherehe kwenye kila mashine, mkate keki.

*Utajua umefaulu:* kila mashine iliyosakinishwa imezimwa, ikawashwa tena bila flashi, na mwenyewe ndiye aliyeingiza nywila.

## Hatua ya 9: Kliniki ya wiki mbili baadaye

Wanaorudi Windows hurudi wiki ya kwanza, na sababu ni tatu tu: printa, faili la kazini lisilofunguka, na kukosa mtu wa kuuliza. Tangaza siku ya kliniki *kabla* watu hawajaondoka ukumbini. Saa mbili zinatosha, chai na maandazi, bila keki.

Njoo na orodha ileile ya mashine. Wapigie simu wale uliowaandikia "hapana" au miadi. Huwa hawajitokezi wenyewe, wanaona haya. Na uhesabu flashi. Mimi huwa narudi na tano.